Mimba imetoka, damu yako inaganda ovyo, na sasa hedhi inamwagika: lupu, kijiti, sindano, vidonge au usubiri kwanza?

Hii ni kwa wadada wa Kigoma na Tabora walioko kwenye kona hii mbaya: mimba imetoka, wamepimwa wakaambiwa damu yao ina tabia ya kuganda, wameanzishiwa dawa ya kuifanya iwe nyepesi, afu siku zao zikirudi zinarudi kama bomba limepasuka. Ukienda kliniki nesi anakwambia chagua njia, ukirudi nyumbani mama mkwe ameshachemsha dawa ya kusafisha kizazi, shoga yako anaapa kwamba kijiti ndo mpango mzima, wifi anasema sindano itakumaliza, na wewe hapo katikati hujui umsikilize nani. Mi mwenyewe naishi na hili tatizo hapa Kigoma, si dokta, kwa hiyo usiende kununua kitu kwa sababu umekisoma hapa. Ninachotaka ni ukiingia kwa dokta uwe unajua cha kuuliza.

Naongelea wale ambao damu iliwahi kuganda mguuni au mapafuni, au wamekutwa na kingamwili za antifosfolipidi (APS), yaani kinga ya mwili yenyewe inachochea damu kuganda, au wana upungufu wa protini C, protini S na ndugu zake, zile zinazozuia damu isigande ovyo. Kama wewe shida yako ni kinyume, damu haitaki kuganda, basi haya hayakuhusu, dawa zako ni nyingine kabisa.

Kuna jambo linawachanganya wengi. Unaona mabonge kwenye pedi unasema "si ndo damu yangu imeanza kuganda tena", unaongeza mwenyewe dozi ya warfarini, kile kidonge cha kufanya damu iwe nyepesi. Jamani hapana. Yale mabonge ni damu iliyotoka nyingi na kwa haraka ikajikusanya kabla ya kushuka, hayakwambii chochote kuhusu mishipa ya mguuni. Kinachotokea ni kwamba kizazi kikibomoa ukuta wake kila mwezi kinategemea damu igande kidogo ili ile mishipa midogo ijifunge, sasa warfarini, rivaroksabani au sindano ya tumboni ya enoksaparini zimekuja kuzuia hicho hicho, ndo maana ulikuwa unatumia pedi kawaida na sasa unalowanisha shuka.

Na muda wa kuchagua ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mimba ikitoka ikiwa changa, damu ya mwanzo inaisha kwenye wiki moja au mbili, hedhi yenyewe inarudi kati ya wiki ya 4 na ya 8, ila yai linaweza kutoka ndani ya wiki 3, yaani unashika mimba nyingine kabla hata hujaona siku zako. Kwa mtu aliyeko kwenye warfarini hilo si dogo, ntaeleza mwishoni.

Vitu nilivyopimia

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale. Inaongeza kuganda au haiongezi? Hedhi itapungua, itaongezeka au itavurugika? Ukitaka mimba tena unasubiri kiasi gani? Na la mwisho ambalo vitabu vya mjini vinaliruka: huku kwetu inapatikana, na ikikuletea shida nani ataitoa? Mtu wa Mwanga au Gungu anaamka asubuhi anaenda Maweni, hospitali ya mkoa, lakini mtu wa kijiji cha mwambao anasubiri boti, na mtu wa ndani ndani ya Kaliua kipindi cha mvua anaijua barabara yake. Njia nzuri iliyoko mbali na fundi wake inakuwa mzigo.

Kabla ya hapo tuondoe moja kabisa. Vidonge vya majira vya kawaida, vyenye homoni mbili, havikufai. Estrojeni iliyomo inaongeza kuganda, na WHO (Shirika la Afya Duniani) wameviweka kundi la 4 kwa mtu wa hali yako, maana yake usitumie. Shida ni kwamba ndivyo vinavyopatikana kirahisi. Geuza pakiti: mara nyingi ina vidonge 28 vya rangi mbili, vile 7 vya kahawia ni madini chuma tu, angalia maandishi madogo kwa nyuma, ukiona neno ethinylestradiol rudisha. Na popote ukipewa kitu sema hivi: "Dada nesi, mi damu yangu inaganda na niko kwenye dawa, hii ina estrojeni?" Akisita, omba amuulize mwenzie. Sio dharau, ni haki yako.

Lupu ya homoni

Kwa upande wa kuganda hii ina homoni moja tu, levonorgestrel, na sehemu kubwa inafanya kazi palepale kwenye kizazi, kinachozunguka mwilini ni kidogo. Kwa hedhi nzito ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapa, ile ya mg 52 inaweza kupunguza damu kwa kiasi cha asilimia 90 ukishaizoea, na wapo ambao hedhi inakata kabisa. Tatizo ni miezi 3 hadi 6 ya kwanza, unatokwa na vitone vitone kila mara mpaka unachoka, na mtu asiyeambiwa hili mapema anairudisha mwezi wa pili, wakati ndo ilikuwa inaanza kutulia.

Ukitaka mimba inatolewa na uwezo unarudi mapema. Inaweza kuwekwa siku ile ile unaposafishwa kama hakuna maambukizi, ila ukiwa na homa au uchafu unaonuka haiwekwi mpaka upone. Kuwa kwenye warfarini hakukuzuii kuwekewa, lakini mwambie anayeweka, na kipimo chako cha INR (kinachoonyesha warfarini imefanya damu iwe nyepesi kiasi gani) kiwe kimechukuliwa karibuni.

Upatikanaji ndo kikwazo. Usikurupuke ukapanda basi kutoka Kibondo au Urambo ukidhani ipo, piga simu kwanza, muulize nesi wa uzazi wa mpango Maweni kama uko Kigoma au Kitete kama uko Tabora, na useme wazi lupu ya homoni, maana ukisema lupu tu atajua ni ya shaba. Inamfaa mwenye hedhi ya kutisha na ambaye hana haraka ya mtoto.

Lupu ya shaba

Haina homoni hata chembe, kwa hiyo kwa kuganda ni salama kuliko zote, WHO wameiweka kundi la 1, yaani hakuna kizuizi, hata kwa mwenye kingamwili za APS. Inakaa zaidi ya miaka 10, ipo vituo vingi, bure kwenye vituo vya serikali, ukiitoa unashika mimba hata mwezi unaofuata.

Ila inaongeza damu na maumivu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Mtu mwenye warfarini anayemwaga tayari, ukimwekea hii umemwongezea. Naiona inamfaa yule ambaye hedhi yake ilikuwa nyepesi tangu zamani, wingi wa damu uko vizuri, na dawa za damu ameshamaliza au anatumia junia aspirini (aspirini ya dozi ndogo) tu. Mwingine aifikirie mara mbili.

Kijiti

Homoni moja pia, hakina estrojeni. Kwa mtu aliyewahi kupata damu kuganda mguuni na sasa ametulia kwenye dawa, WHO wanakiweka kundi la 2, yaani faida kwa kawaida inazidi hatari. Kwa mwenye APS mambo hayajanyooka: mwongozo wa WHO wa 2015, kwenye sehemu ya lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) yenye kingamwili hizi, uliweka njia zote za projestini, ndiyo hiyo homoni moja, kundi la 3, yaani hatari kwa kawaida inazidi faida, lakini Wamarekani mwaka 2024 wakalegeza kijiti, lupu ya homoni na vidonge vya homoni moja hadi kundi la 2, sindano wakaiacha palepale la 3. Kwa hiyo ukikuta dokta mmoja anakubali na mwingine anakataa usiwaone wajinga, wamesoma miongozo tofauti.

Hedhi na kijiti ni bahati nasibu. Kuna anayekauka, kuna anayepata kidogo kidogo, kuna anayetoka damu wiki mbili mfululizo, na hakuna anayeweza kukutabiria wewe utaangukia wapi. Hii vurugu ndo sababu kubwa ya watu kukitoa. Sasa mtu wa kawaida akitoka wiki mbili anakereka, wewe wa warfarini ukitoka wiki mbili unaishiwa damu.

Kinachokibeba ni kwamba kinapatikana mpaka vituo vya afya vya wilayani na siku za huduma ya mkoba, kinakaa miaka 3 au 5 kutegemea ni cha fimbo moja au mbili, kikitolewa uwezo wa mimba unarudi upesi. Siku ya kuwekewa mkono utavilia zaidi ya wenzio, kaa na bandeji iliyobana, na usiondoke hapo mpaka uone hakivuji. Kinamfaa aliye mbali na hospitali kubwa, anayetaka kitu cha kuweka na kusahau, na ambaye damu yake ya mwili inatosha kuvumilia vurugu za mwanzo.

Sindano ya miezi mitatu

Hapa ndo pana ubishi mkubwa, hata kwa wataalam. Sindano inakausha hedhi vizuri, baada ya mwaka kama nusu ya watumiaji hawaoni damu kabisa, na inazuia yai kutoka. Hilo la yai wengi hawalijui umuhimu wake: kuna wanawake wenye dawa za damu ambao yai likipasuka tu kila mwezi damu inavujia tumboni, maumivu ya hatari, na sindano inawaokoa na hilo.

Upande wa pili, kuna tafiti zilizoihusisha na kuganda zaidi kuliko njia nyingine za homoni moja, na dozi yake ni kubwa, mg 150 kwa mkupuo. Ikishaingia haitoki. Kijiti ukipata shida kinachomolewa, lupu inavutwa, sindano unasubiri iishe yenyewe. Mi kwa mtu mwenye APS iliyothibitishwa nisingeanzia hapa bila dokta wa magonjwa ya ndani kukubali, hiyo ni mtazamo wangu.

Kuhusu mtoto, sindano inachelewesha. Uwezo unarudi, haikufanyi tasa kama wanavyosema sokoni, ila tangu sindano ya mwisho inaweza kufika miezi 10 hivi kabla hujashika. Kwa aliyepoteza mimba na anahesabu miezi, hilo linauma. Kupatikana ipo kila mahali mpaka zahanati ya kijiji. Ukichomwa, bonyeza kwa pamba dakika kadhaa, usisugue, la sivyo paja au bega litavimba damu ndani kwa ndani. Inamfaa asiyetaka mimba kwa mwaka na zaidi, anayehitaji hedhi ikate, na ambaye dokta ameridhika na historia yake.

Vidonge vya homoni moja

Vile wanavyopewa akina mama wanaonyonyesha. Dozi ndogo, hakuna estrojeni, ukiacha leo unaweza kushika mimba mwezi huu, kwa hiyo kwa mtu anayesubiri miezi michache tu majibu ya vipimo yatoke vinafaa. Kwa hedhi usitegemee maajabu, mara nyingi vinavuruga tu. Vinataka saa ile ile kila siku, vya zamani ukichelewa masaa 3 kinga imelegea, vya desogestrel vinavumilia masaa 12. Kama unasahau dawa yako ya damu usijidanganye kwamba hivi hutasahau. Dukani vinaisha mara kwa mara, nunua kabla pakiti haijakata.

Nisichanganye hivi na Primolut-N. Hii nayo ni homoni moja, norethisteroni, na kwenye maduka ya dawa ukisema "damu haikati" ndiyo unayopewa bila hata kuulizwa jina. Tatizo ni dozi: kidonge cha mg 5 mara tatu kwa siku ni nyingi sana ukilinganisha na ya kupanga uzazi, na sehemu ya dawa hiyo ikifika mwilini inageuka kuwa ethinylestradiol, ile ile estrojeni tuliyoikataa juu. Si kwamba haitumiki kabisa, madokta wanaiandika wakiwa na sababu na mgonjwa akiwa tayari kwenye dawa ya damu, lakini kujinunulia mwenyewe ukiwa na historia ya kuganda ni kucheza na moto.

Kusubiri bila homoni

Hili nalo ni chaguo, tena la heshima, hasa kama mnataka kujaribu tena karibuni. Kwa kuganda halina shida yoyote, ukitaka mimba huna foleni ya kusubiri, vifaa vyake viko kila duka. Hapa unatumia kondomu mpaka dokta aseme mko tayari, unalinda damu yako, na unahesabu.

Kuhesabu ninakokusema ni hivi: daftari la mtoto la kurasa 40, kila pedi unachora alama, kivuli kidogo kwa iliyopata doa, nusu kwa iliyofika katikati, kujaza kabisa kwa iliyolowa mpaka pembeni. Ukimwambia dokta "natoka nyingi" anaandika "natoka nyingi", ukimfungulia ukurasa wenye vidoti vyeusi vitupu anakaa vizuri kwenye kiti.

Kulinda damu ni vidonge vya FEFO (madini chuma na foliki), na usivimezee chai, chai inazuia madini yasiingie, meza na maji na ukipata chungwa au ndimu vizuri zaidi. Choo kitakuwa cheusi, ni chuma hicho usiogope, ila kikiwa cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya na uko kwenye warfarini, hiyo ni damu ya tumboni, kimbia hospitali. Hb, kile kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito tayari ni upungufu.

Dawa ya maumivu tumia paracetamol kwa kipimo chake. Ibuprofen na diclofenac, ambazo wengine wanapewa kupunguza hedhi, kwako zinaongeza kuvuja. Traneksamiki, ile ya kukata damu, kwenye karatasi yake imeandikwa asipewe aliyewahi kuganda, wapo madokta bingwa wanaoitoa kwa siku chache mgonjwa akiwa tayari kwenye dawa ya damu, lakini ni wao, siyo duka la jirani.

Mboga je? Hakuna haja ya kuacha sombe wala lengalenga. Zina vitamini K inayopingana na warfarini, ila tatizo ni kula leo sufuria afu wiki nzima usiguse, INR inapanda inashuka. Kula kiasi kile kile kila wiki. Flagyl na Septrin nazo zinaipandisha INR, kwa hiyo ukiandikiwa hizo baada ya kusafishwa taja warfarini kwa sauti. Na ile dawa ya kusafisha kizazi ya mama mkwe, hakuna anayejua ndani ina nini na itafanya nini na warfarini, mwambie kwa upole "mama, dokta amenikataza kuchanganya", lawama mwachie dokta. Kizazi kinajisafisha chenyewe.

Sasa wewe uko wapi?

Unataka mtoto ndani ya mwaka: kondomu au vidonge vya homoni moja, sindano iache. Kama mimba zimetoka 3 au zaidi kabla ya wiki 10, au moja baada ya wiki 10 mtoto akiwa hana kasoro, ulizia vipimo vya APS, na ujue vinarudiwa baada ya wiki 12, kipimo kimoja hakitoshi. Wakati unasubiri hayo majibu hutakiwi kuwa na mimba ya bahati mbaya.

Hutaki mtoto sasa hivi na Hb imeshuka: lupu ya homoni ndiyo ningeitafuta kwanza, hata kwa kuagiziwa Mwanza au Dodoma kama una namna. Ikishindikana, kijiti au sindano, dokta akiamua kwa kuangalia kama una APS au la. Muulize pia kuhusu dawa ya damu yenyewe, wakati mwingine ni hiyo inabadilishwa, maana rivaroksabani inajulikana kwa kuongeza hedhi. Usiiache mwenyewe hata siku moja kwa kuwa umeona damu nyingi.

Uko mbali, boti au bodaboda ndefu: kijiti au lupu ya shaba kama hedhi yako ni nyepesi, na kabla hujaondoka mjini jua nani kwenye kituo cha karibu anaweza kukitoa. Popote ulipo, ukilowanisha pedi moja kwa saa na saa ya pili ikawa hivyo hivyo, ukizimia, ukipata homa na harufu mbaya, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana au kichwa kikauma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, hapo hakuna cha kusubiri asubuhi.

Hutaki mtu nyumbani ajue: kijiti kinapapaswa mkononi, sindano haiachi alama, lupu nyuzi zake unaweza kuomba zikatwe fupi. Ni mambo ya kumwambia nesi mkiwa wawili tu.

Na uko kwenye warfarini, njia yoyote: dawa hii inaharibu mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo mwenye mpango wa mimba anabadilishiwa heparini (sindano za jamii ya ile enoksaparini) mapema. Hedhi ikichelewa pima mkojo siku hiyo hiyo. Kama mimba ilitoka wiki chache tu zilizopita kipimo kinaweza bado kusoma mistari miwili kwa homoni za ile ya zamani, usikitafsiri mwenyewe, nenda nacho hospitali ukiwa na tarehe ya kutoka mimba, wakupime damu na wakucheki kwa utrasaundi, na uwaambie uko warfarini kabla hujakaa.